Nyumba za chuma za Lustron: nimeombwa nikasaidie kuziorodhesha, naanzia wapi?

FundiBodi
Wakuu habari za saa hizi. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ya gereji, nanyoosha bodi za magari, nimeianzia Gerezani pale Dar nikaja nayo huku. Sasa nina mteja mmoja mzungu, mzee mstaafu, yeye na wenzake wana kikundi chao cha kujitolea, wanazunguka kupiga picha na kuandika habari za nyumba za chuma zinaitwa Lustron, zilitengenezwa hapa hapa Columbus kuanzia 1948 mpaka 1950 halafu kiwanda kikafa. Siku moja kanikuta nakwangua kutu kwenye kizingiti cha gari lake, akasimama ananiangalia weee, mwisho akasema wewe ndiye tunayekutafuta, sisi historia tunaijua ila kutu hatuijui.

Akanipeleka kuiona moja kwa nje. Nilichoka. Nyumba nzima ni vipande vya mraba vya chuma, futi mbili kwa mbili, rangi ya njano, vinang'aa utasema vimetoka dukani, na paa nalo ni chuma kimekatwa kama vigae. Tofali hakuna. Nikagonga kwa kucha, ikalia ile sauti ya karai.

Sasa maswali yangu. Kwanza nitaitambuaje nikiwa peke yangu, maana kuna nyingine anasema watu wamezifunika huwezi kujua. Pili nikishaipata naandika nini, kuna fomu au ni picha tu. Tatu, na hili ndilo linanisumbua, mzee mwenyewe anakiri kila mwaka zinabomolewa, sasa tunahangaika kuorodhesha kitu kinachokwenda jalalani ili iweje? Na la mwisho nisameheni nikilisema wazi, mimi mtu mweusi nimesimama mtaa wa wazee wa kizungu, simu mkononi, napiga picha nyumba za watu. Sitaki Jumamosi yangu iishie kujieleza kwa polisi. Aliyewahi kufanya hii kitu atuambie.

DadaMsajili
Karibu chamani kaka yangu. Mimi niko Indiana, mume wangu ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo na sasa yeye kaacha mimi ndo siachi.

Historia kidogo kwanza, maana ukigonga mlango huijui watakuona tapeli wa kuuza madirisha. Mwenye wazo ni Carl Strandlund, mzaliwa wa Sweden, injinia, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya Chicago ya kupaka chuma enameli, ule ung'avu wa vikombe vya bati. Vita vimeisha, 1946, chuma kinatolewa kwa kibali, akaenda Washington kuomba cha kujengea vituo vya mafuta. Akaambiwa vituo vya mafuta subiri, wanajeshi wanarudi hawana pa kulala, tuletee nyumba. Akasimamisha ya mfano Hinsdale, Illinois mwaka huo huo, halafu akapewa kile kiwanda cha ndege cha Curtiss-Wright karibu na uwanja wa ndege wa hapo kwenu Columbus, na mikopo ya serikali ikafika zaidi ya dola milioni 37. Mipango ilikuwa ya maelfu kwa maelfu. Zilizotoka ni kama 2,500 tu, mkopo haulipiki, 1950 serikali ikakamata mali. Siasa nazo zilikuwemo tele, hata yule seneta Joseph McCarthy alishapokea dola 10,000 kutoka kampuni ya Lustron kwa kuandika makala ya mambo ya nyumba, hiyo ukiigusa kwa wazee wa Ohio andaa kiti maana utakaa mpaka jioni.

Sasa kuitambua. Usidanganyike na miraba peke yake. Columbus ndiko makao makuu ya White Castle, wale wa baga ndogo ndogo, nao walikuwa na kampuni yao ya kutengeneza majengo ya chuma ya enameli, na vituo vya mafuta vya zamani vingi vilivalishwa vivyo hivyo. Kwa hiyo usiandike Lustron kwa sababu umeona kitu kinang'aa. Iliyo nyingi ni ile aina ya Westchester Deluxe, ya vyumba viwili. Mbele kwenye kona kuna baraza limeingia ndani ya nyumba yenyewe, na pale kwenye kona, palipotakiwa nguzo, kuna bomba la maji ya mvua limeshikwa na chuma kimepinda pinda zigizaga kutoka juu mpaka chini. Dirisha la sebuleni limetokeza nje kidogo. Ukiona ile zigizaga, hata kwenye Street View, zile picha za mitaa za Google, umelala kitandani, basi umemaliza kazi.

Shida ni zile zilizoguswa. Mtu kakata zigizaga kaweka nguzo ya mbao, mwingine kafunika ukuta wote na vinaili (vibao vya plastiki vya kufunikia ukuta), mwingine kapaka rangi ya nyumba juu ya enameli (Mungu amsamehe). Hapo mimi naangalia paa kwanza, watu wanasahau kulifunika. Paa nalo likiwa limebadilishwa naangalia umbo, nyumba ya chini, haina ghorofa, imekaa juu ya zege moja kwa moja bila chumba cha chini ya ardhi, na huku Midwest nyumba isiyo na chumba cha chini inajulikana tu. Ukikaribishwa ndani mchezo umekwisha, maana kuta za ndani nazo chuma, dari chuma, milango ya vyumba ni ya kusukuma inaingia ukutani. Beba sumaku mfukoni.

Ndani omba uingie kwenye kile chumba cha mitambo, penye tanuru la joto na boila. Kuna kibati kidogo kimegongwa namba ya modeli na namba ya kiwandani. Hiyo namba ndiyo kitambulisho cha nyumba. Bila hiyo unabishana, ukiwa nayo humbishii mtu. Piga picha ya kibati karibu, halafu nyingine kwa mbali ionekane kiko wapi.

Kuhusu kuandika: modeli, vyumba vingapi, rangi ya nje, kama paa ni la asili, madirisha ya alumini yapo au yametolewa, kimeongezwa nini nyuma, gereji ipo haipo. Ndani andika vile vitu vya kujengea, kabati kati ya jikoni na mezani lenye uwazi wa kupitishia sahani, meza ya kujipambia chumbani na rafu zake. Na uliza kama ile mashine ya Thor bado ipo, ilikuwa inafua nguo na kuosha vyombo, unabadilisha pipa la ndani tu. Mashine yenyewe wengi waliitupa mapema, naelewa kabisa, nani anataka sahani zake zioshwe palipotoka soksi.

Suala la polisi nitarudi, natoka kazini saa hizi.

Ngosha_TX
Mzee wa Gerezani kaenda Marekani kukuta nyumba ya bati. Kwetu Kanda ya Ziwa ukijenga ya bati tupu mkwe anakataa posa 😂😂 Endelea mkuu tunafuatilia.

MpangajiWaBati
Nimecheka Ngosha ila mimi naishi ndani ya hiyo nyumba ya bati, natokea Kigoma, niko Ohio pia, mwendo wa chini ya saa moja toka kwa FundiBodi. Nimepanga hapa na familia na niliingia sijui chochote, nilidhani ni nyumba ya mtu aliyependa vyombo vya jikoni.

Niwaambie maisha ya ndani. Msumari hakuna. Picha ya harusi yangu imeshikwa na sumaku, kalenda sumaku, michoro ya watoto sumaku, mke wangu anapenda kwa sababu akitaka kubadilisha anabadilisha bila kuacha tundu. Kuta unafuta kwa kitambaa na sabuni, mtoto kachora na kalamu ya rangi dakika moja imetoka. Upande mwingine sasa. Joto linatoka darini, ule moto unapulizwa juu ya dari ya chuma ndo inashuka kwako, kwa hiyo Januari kichwa kiko Kigoma na miguu iko Ohio, sakafu ni zege. Simu nayo ndani inashika kwa kubembeleza, ukitaka kuongea na nyumbani vizuri kaa dirishani. Mvua ikinyesha hailii kama bati la kwetu, jamaa waliweka pamba ya kuzuia joto nyuma ya vyuma.

Kinachonitisha ni kona moja ya nje upande wa barabara, gari la theluji liliwahi kurusha mawe enameli ikabanduka, pale pameanza kutu, inatambaa taratibu chini ya ngozi. Mwenye nyumba anasema atapiga vinaili nyumba nzima yaishe. Mimi mpangaji nitasema nini. Lakini roho inaniuma.

FundiBodi
@MpangajiWaBati usikubali apige vinaili haraka haraka, hebu tuongee. Mimi nimeshaiona hiyo kutu unayosema. Ni kile kile cha kikombe cha bati cha bibi, cheupe chenye ukingo wa buluu, kikianguka ile enameli inaruka kipande, pale pabaki peusi, kesho pana kutu, lakini kikombe chenyewe kinaendelea kutumika miaka thelathini. Tatizo ni kwamba watu wanaleta akili ya gari. Kwenye gari ningekata, nikachomelea kipande, nikaweka filla, nikapiga msasa, rangi. Hapa ukileta moto wa kuchomelea karibu na enameli inapasuka eneo lote, maana ile si rangi, ni kioo kimeyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuru. Kwa hiyo ni kukwangua kutu kwa mkono mpaka uone chuma safi, kitu cha kuzuia kutu, halafu ile rangi ya epoksi ya kurekebishia friji na mashine za kufulia, unaijenga kidogo kidogo, siku ya kwanza haitafanana rangi na utakubali tu. Ila ule mpira mwembamba wa katikati ya kipande na kipande usiuguse kwa petroli wala tina.

@DadaMsajili shikamoo dada, nimeandika yote. Swali la tatu bado lipo hewani. Ili iweje?

Otieno_wa_Reli
Sasa niulize hivi bila kumkasirisha mtu. Babangu alikuwa polisi. Tumelelewa kwa uniport, mnajua zile nyumba za mviringo za mabati za polisi Kenya, hadi leo ziko. Mchana ni tanuri, usiku ni friji, mtu na bibi na watoto kwa kachumba kamoja, pazia ndio ukuta. Hizo pia ziliundwa kiwandani zikaletwa zikafungwa kwa bolti kama hizo zenu. Sijawahi ona mtu wa kujitolea akija na kamera kusema hii ni urithi. Watu wanaomba zitolewe! Na nikienda Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, lilianguka upande mzima Desemba 2020 na watu wakafa wakilifanyia kazi. Halafu nyinyi watu wetu mko Ohio mnahesabu vigae vya mzungu. Si mnisaidie kuelewa hii maneno.

DadaMsajili
Otieno hujamkasirisha mtu, swali zuri na hata mimi nilikuwa nalo. Marahaba FundiBodi.

Nianze na ili iweje. Hapa Marekani watu wanadhani nyumba ikiingia kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria basi haiguswi. Si kweli. Mwenye nyumba akitumia hela yake mwenyewe anaweza kuibomoa kesho asubuhi, ile rejista ni heshima na milango ya msaada wa kodi kwa majengo ya biashara au ya kupangisha, si kufuli. Na mwenye nyumba binafsi akipinga, haiandikwi kabisa. Ulinzi wa kweli ukiwepo unatoka kwa sheria ndogo za mji. Kwa hiyo ukija na matumaini kwamba picha zako zitasimamisha buldoza utaacha mapema.

Faida iko mahali pengine. Kiwanda kimekufa 1950. Hakuna mtu duniani anayetengeneza kile kipande cha futi mbili kwa mbili cha rangi ile. Kipande chako kikipondeka, kingine kitatoka kwenye nyumba nyingine ya Lustron iliyokufa. Basi. Sasa mtu wa Kansas anatafuta ukingo wa paa na mtu wa Illinois anabomolewa nyumba mwezi ujao, watakutanaje kama hakuna mahali palipoandikwa nani anayo, rangi gani, modeli gani, hali gani? Orodha ndiyo soko la vipuri. Mimi nimeshuhudia nyumba imefunguliwa kwa spana badala ya kupondwa kwa sababu tu jina lake lilikuwa kwenye orodha na mtu mmoja alipiga simu mapema. Kufunguka inafunguka, ilikuja juu ya trela moja iliyotengenezwa maalum, sehemu zaidi ya 3,000 zimepangwa kwa mpangilio wa kufungwa, sasa kinachofungwa kinafunguliwa.

Na mfano mchungu ni kambi ya wanamaji ya Quantico, Virginia. Pale palikuwa na Lustron 60, kundi kubwa kuliko yote nchini. 2006 zikatangazwa bure, njoo uchukue, ubebe mwenyewe. Bure! Waliojitokeza wachache, maana kufungua nyumba, kuibeba, kutafuta kiwanja na kuijenga upya ni hela ndefu kuliko unavyodhani, nyingi zikaishia kuvunjwa. Kwa upande mwingine, Virginia hiyo hiyo, kaunti ya Arlington ikapewa moja mwaka huo huo wa 2006, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikaenda kusimama kwenye maonyesho ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa, pale New York 2008, na sasa iko Columbus ndani ya makumbusho ya historia ya Ohio, wameifanya nyumba ya miaka ya 50, unaingia unafungua makabati, kuanzia 2013. FundiBodi hiyo iko mjini kwako, anza pale kabla hujagonga mlango wa mtu. Gusa, fungua, piga goti uangalie maungio. Utajua nini cha kutafuta.

Mchoraji_Nbo
Naingilia kidogo kama mwanafunzi wa usanifu majengo. Otieno uko sahihi na pia hauko. Kuna nyumba tatu za chuma na alumini za Jean Prouvé, Mfaransa, zililetwa Afrika kwa ndege, moja Niamey 1949 na mbili Brazzaville 1951. Zilikaa huko miaka hamsini, watu wakaishi, wakafungua ofisi, risasi za vita Brazzaville zikazitoboa. Sisi tuliziona mabati tu. Akaja mfanyabiashara wa Paris anajua thamani yake kwa sababu zilikuwa zimeandikwa kwenye vitabu, akazinunua, akazifungua, akaondoka nazo. 2007 moja ikauzwa New York kwa mnada karibu dola milioni 5. Nani alikuwa na orodha? Yeye. Nani hakuwa nayo? Mji uliokuwa nazo.

Kwa hivyo uniport za polisi, sisemi zibaki watu waishi ndani, la hasha, zitolewe hata leo. Lakini kabla hazijatolewa mtu apime moja, achore, apige picha, aketi na watoto wa polisi kama wewe awaulize pazia lilikuwa linawekwa wapi. Hiyo ya pazia hakuna ramani ya serikali inayo. Kuorodhesha si kusifu nyumba.

Na FundiBodi kitu kimoja cha kiufundi, ukipiga picha simama sawa na ukuta, simu isiinamishwe, pembe nne zote za nyumba, halafu katikati ya kila upande. Weka rula au hata noti ya dola kwenye picha ya kitu kidogo tujue ukubwa. Selfie hapana. Wamarekani wana utaratibu wao wa tangu 1933 unaitwa HABS, michoro iliyopimwa na picha zinawekwa maktaba ya Congress na mtu yeyote anazisoma bure, ingia uangalie karatasi zao moja mbili, uone wanavyoandika, hakuna maneno matamu, ni "ukuta wa kusini, vipande viwili vimebadilishwa".

Otieno_wa_Reli
Hiyo ya Brazzaville imenimaliza. Pazia letu lilikuwa la maua ya kijani. Nitampigia mzee kesho nimuulize picha ziko wapi.

Bi_Mwana_London
Salaam jamani, nimechelewa. Huku Uingereza nyumba za kiwandani tulikuwa nazo nyingi kuliko hizo Lustron zenu, baada ya vita walijenga nyumba za muda zaidi ya 156,000, za alumini peke yake 54,500, na za chuma za kudumu zile BISF (za shirikisho la viwanda vya chuma la Uingereza) alizochora msanifu Frederick Gibberd bado ziko miji mingi, watu wanaishi hawajui. Zile za muda ziliambiwa miaka kumi. Pale Catford, kusini mwa London, mtaa wa Excalibur ulikuwa na 187, za mbao na vipande vya kiwandani si chuma, 2009 wakaziwekea ulinzi 6 tu nyingine zote zikaingia kwenye mpango wa kubomolewa. Nilichojifunza kwa wale waliozihifadhi ni kwamba picha za nyumba zilipatikana kirahisi, kigumu kilikuwa wazee wenyewe. Bibi aliyeingia humo na mtoto mchanga mwaka 1946, akakuta friji mara ya kwanza maishani, huyo hukumwandika leo kesho hayupo. Kwa hiyo mwanangu FundiBodi beba na kinasa sauti, na usimkate bibi akiongea habari za paka wake, habari ya nyumba itakuja nyuma ya paka.

DadaMsajili
Amina bi mkubwa.

Haya polisi. FundiBodi sitakudanganya kwamba ni wasiwasi wa bure. Mimi napiga kwa mpangilio huu. Picha ya kutoka barabarani ni halali, nyumba inaonekana na kila mpita njia, ila sikanyagi nyasi za mtu bila ruhusa hata kama kibati cha ushahidi kiko hatua tatu. Siendi peke yangu mtaa nisioujua, mwambie mzee wako mwende wawili, yeye agonge mlango wewe ushike rula, si haki lakini inaokoa Jumamosi. Vaa ile fulana ya njano ya kung'aa, sijui kwa nini ila ukiivaa hakuna anayekuuliza kitu, wanadhani umekuja kusoma mita. Kabla ya siku yenyewe pelekeni barua kwa posta, karatasi moja, nani mnatafuta nini, nyumba yenu ilitengenezwa Columbus mnajua? Wengine watapiga simu wenyewe. Na gari liegeshwe mbele ya nyumba mnayoipiga picha, si mwisho wa mtaa kama wapelelezi.

Na msiweke anwani kamili mtandaoni na picha za ndani ya nyumba ya mtu kwa pamoja. Picha za ndani zinaonyesha televisheni iko wapi na dirisha lipi halifungi. Orodha ya wazi iwe na nje tu, ya ndani ibaki kwenye faili la kikundi na ofisi ya uhifadhi ya jimbo. Ohio wana fomu zao za orodha ya majengo ya kihistoria, jazeni ile ile, msibuni yenu, maana daftari la mtu binafsi akifa linatupwa na watoto wake pamoja na viatu.

Kundi la nyumba linaweza kupelekwa rejista kwa pamoja kama jimbo zima lina maelezo yake yaliyoandikwa, Alabama, Kansas na New Jersey walishafanya, kwa hiyo nyumba moja moja inaingia kirahisi bila kuandika historia ya Strandlund upya kila mara. Hiyo inawezekana tu kama kuna watu walizunguka kwanza.

Ngosha_TX
Mimi niliyekuja kucheka sasa nimefungua Street View naangalia zigizaga mitaa ya watu saa saba usiku. Mke ananiuliza natafuta nini. Texas zipo?

DadaMsajili
Ziliuzwa majimbo 36, tafuta tu. Hata Alaska zilifika. Ukipata usiandike "nimepata", weka picha, mtaa na umeonaje paa.

FundiBodi
Wakuu nimewasoma wote, bi mkubwa shikamoo na asante. Jumapili nimekwenda ile ya makumbusho. Nimekaa ndani muda mrefu mpaka mlinzi kaja kuniuliza kama niko sawa. Kitu ambacho kwenye picha hakionekani ni jinsi vipande vinavyopandana, kila ukingo umekunjwa kurudi nyuma, enameli imefika mpaka ndani ya mkunjo, ndiyo maana katikati ya ukuta haziozi. Zinaoza pale mtu alipotoboa. Tundu la kamba ya kuanikia nguo, tundu la dishi, skrubu za namba ya nyumba. Nimemwambia mzee kwenye fomu yetu tuongeze mstari wa matundu, kila tundu liko wapi na limetoka na nini, kasema hawakuwahi kuliwaza hilo. Vinaili ndiyo mbaya kuliko vyote kwa sababu kuifunga wanatoboa mamia ya matundu halafu wanayafunika usione.

@MpangajiWaBati hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mwenye nyumba wako. Usimwambie urithi, hataki urithi. Mwambie vinaili itamtobolea nyumba nzima aje anunue ukuta ambao hauuzwi popote, wakati ile kona mimi nitaitengeneza kwa mchana mmoja, hela ya rangi tu. Ila kabla sijaigusa tuipige picha ilivyo, na rula, na tarehe. Nikishakwangua ushahidi umekwisha.

MpangajiWaBati
Nimeongea naye leo. Hiyo ya matundu imemgusa, kasema leteni huyo fundi aangalie kwanza vinaili isubiri. Ruhusa ya kuingia chumba cha mitambo katoa kwa meseji, nimeitunza. Anwani nakutumia inbox. Kibati cha namba nimekitafuta jana, kipo ila boila jipya limekaa mbele yake, naona namba mbili za mwisho tu. Njoo na tochi na kile kioo chenu kidogo cha mkono mrefu mnachoangalizia chini ya gari. Chakula kipo, mke kasema migebuka imefika kwenye duka la Wakongo.